Mke Mwenza wa Nyuzi Sita

Mume wangu anachomelea mageti mchana, na saa zinazobaki anapiga gitaa. Mtaani wanamwita Cheche. Hakuna anayekumbuka kama jina hilo lilitokana na mashine ya kuchomelea au na gitaa, maana akishika chochote kati ya hivyo viwili watu hurudi nyuma. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu hao pacha nimewazaa mimi na sitaki mtu asahau.

Nina saluni ndogo: viti vitatu, kioo kimoja kirefu na mashine ya kukaushia inayounguruma kuliko inavyokausha. Kazi yangu inataka vidole na mdomo. Mteja anakaa nusu siku kichwa kikivutwa, usipomsimulia kitu ataanza kuhesabu maumivu. Kwa hiyo nimezoea kusema. Ninasema kazini, ninasema nyumbani, na Baba Pacha akiniangalia bila kujibu ninasema na sehemu yake.

Na nina wivu. Sijifichi. Kuna wanawake wanaoapa kwamba wao hawajui wivu ni nini. Hao ama hawajapenda au ni waongo, na wengi wao ni wateja wangu kwa hiyo nawajua. Lakini wivu wangu ulikosa mtu wa kumkalia. Baba Pacha hana macho ya nje, na hilo nitalisema hata mbele ya kadhi. Mke mwenza wangu alikuwa gitaa. Jekundu, limechubuka ubavuni, linalala kwenye sanduku lenye kitambaa laini kuliko shuka langu. Gitaa likipata vumbi linafutwa taratibu kwa kitambaa chake lenyewe. Mimi nikipata homa naambiwa, "Kunywa maji." Siku nilipojifungua alikuja wodini moja kwa moja kutoka kwenye mazoezi, gitaa mgongoni. Wodi ilijaa, kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Akaliweka gitaa kwenye kiti, yeye akasimama. Nesi akaniangalia, nikamwambia, "Ndiye mkubwa huyo, mimi nimeolewa baadaye."

Bendi yao inaitwa Ngurumo. Aliianzisha yeye na Kasuku, rafiki yake wa utotoni, ambaye ndiye mwimbaji. Ngoma anapiga muuza nyama wa sokoni, mtu mpole mwenye mikono ya kuvunja mifupa. Walikuwa wakipiga roki ya kelele, ile ya kuwafanya majirani wafunge madirisha na watoto wao wayafungue. Albamu mbili walitoa hivyo hivyo, gitaa la mume wangu likiwa mbele, wengine wakilifuata kama msafara wa harusi. Katikati ya kila wimbo Kasuku alinyamaza, akarudi nyuma, na Baba Pacha akabaki peke yake akililiza gitaa hadi watu wapande viti. Nyumbani hasemi. Pale jukwaani alikuwa anasema yote, na aliyekuwa akiambiwa si mimi.

Walikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni mume wangu. Kasuku zamani alikuwa na ugonjwa wa kurudia: anarekodi wimbo, haridhiki moyoni, anarudia, anarudia, mpaka sauti inakauka na wenzake wanakaribia kupigana. Baba Pacha akakata mzizi wa fitina. Studio, ukipiga sehemu yako mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, imepita. Hairudiwi, hata ukilia. "Pigo la kwanza ndilo pigo," alisema, na wote wakakubali, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuivunja.

Basi jioni moja alirudi kutoka mazoezini akazungumza. Naomba mnielewe: alizungumza yeye, bila kuulizwa, viatu bado miguuni. Pacha waliacha kula wakamtazama.

"Kasuku ameleta mwalimu," akasema.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa piano. Dada mmoja, anafundisha watoto shuleni kwa binti wa Kasuku. Eti albamu ya tatu itakuwa ya utulivu. Eti watu masikio yamechoka. Anapiga hivi," akagonga meza kwa ncha za vidole, polepole, kwa dharau, "halafu Kasuku anafumba macho kama anaombewa."

"Na gitaa?"

"Gitaa nipige kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo! Si nimekwambia kidogo? Wimbo mzima, Mama Pacha, hakuna mahali pangu. Pale katikati anaingia yeye."

Niligeukia jiko ili asione meno yangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka yote nimekula wivu peke yangu kwenye nyumba hii, leo na yeye kaletewa mke mwenza, mwenye meno meupe na meusi. Nikamwambia, kwa sauti ya huruma kabisa, "Pole mume wangu. Kunywa maji."

Alinuna wiki nzima. Sasa, kununa kwa Baba Pacha si kama kwa watu wengine. Hafungi mlango kwa kishindo, hatupi kitu. Anakuwepo tu. Unamwuliza jambo, unangoja, unakata tamaa, unaanza kulijibu mwenyewe, na ukishafika mbali kabisa ndipo anatoa neno moja. Moja tu, limeiva, limechelewa, na linakufanya ujione mpumbavu kwa yote uliyoyasema katikati. Mama yake mzazi aliniambia siku ya kunikabidhi, "Mwanangu, huyu akinuna, imba."

Siku ya kurekodi akanialika studio. Hajawahi kunialika, hata mara moja, kwenye albamu zote mbili. Nikajua anataka shahidi. Nilifunga saluni nikavaa vizuri, maana nilitaka kumwona huyo mwalimu kwa macho yangu, na yeye anione.

Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na kingine kidogo nyuma ya kioo alikokaa fundi mitambo na vitufe vyake. Mimi nikapewa kiti kwa fundi. Kasuku akanikumbatia, "Shemeji, leo utasikia maajabu." Kisha akaja mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mrembo. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sketi ya kazini yenye vumbi la chaki, nywele zimefungwa tu nyuma, ncha zimekatika. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba huku nikiziangalia zile ncha. Zilinipa faraja kidogo.

Walianza. Mwalimu alipiga piano taratibu, na nitasema kweli ingawa inaniuma: ilikuwa nzuri. Muuza nyama aligusa ngoma zake kama anayemfunika mtoto. Kasuku aliimba chini, karibu kusema. Na mume wangu alisimama pembeni na gitaa lake jekundu, amekunja uso, hakupiga kitu.

Beti ya kwanza ikapita. Hakupiga. Kasuku akamwangalia huku akiimba. Mstari wa mwisho ukaisha, na pale ambapo kila mtu ameshamsahau, Baba Pacha akagusa uzi mmoja. Mlio mmoja tu. Akauacha ufe wenyewe, akashusha mkono. Beti ya pili vile vile. Anangoja, anangoja, halafu mlio mmoja, umechelewa.

Nilimjua. Fundi mitambo hakuelewa, lakini mimi nilijua tunachosikia. Anawasusia. Mnataka kidogo? Haya, kidogo ndiyo hii. Alikuwa anangoja Kasuku asimamishe kila kitu, amwombe radhi, amwambie, "Ndugu yangu, piga bwana, piga kama zamani." Nilimwona anavyomtazama.

Wimbo ukafika mwisho. Kasuku akavua hedifoni, macho yamelowa. "Cheche," akasema, "umetoa wapi hiyo?"

"Nimetoa wapi nini?" Baba Pacha akajibu. "Nilikuwa napasha vidole. Tuanze."

"Tuanze nini? Umepiga mwanzo hadi mwisho. Hujakosea."

"Sijapiga kitu pale!"

Muuza nyama akaweka vijiti vyake chini kwa upole wake ule. "Pigo la kwanza ndilo pigo," akasema. "Sheria yako, kaka."

Baba Pacha akageuka kwa fundi mitambo kutafuta mtu wa kumtetea, akaniona mimi nyuma ya kioo. Nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na fundi akaniuliza kama naumwa. Nyimbo zote zilizobaki Kasuku alimwomba apige "vile vile", na yeye kwa hasira akapiga vile vile, kila moja kidogo kuliko iliyotangulia, akitegemea kuwakomesha. Ndivyo albamu yote ilivyorekodiwa. Wanaisikiliza watu wazima na akili zao, hawajui kwamba ni mume wangu amenuna.

Walipoitoa, kwanza palikuwa na lawama. Mashabiki wa zamani walisema Ngurumo imekuwa manyunyu. Mmoja alikuja mpaka karakana kumwambia Baba Pacha kwamba amewasaliti, na Baba Pacha akampa kiti na soda, akakubaliana naye kila neno. Kisha redio ikaanza. Asubuhi, mchana, kwenye maduka, kwenye simu za watu. Na saluni kwangu.

Nilikuwa nikimsuka dada mmoja wa benki wimbo ulipoanza. Wote wakanyamaza, hata mashine ya kukaushia nikaizima mwenyewe. Beti ikaisha, ukaja ule mlio. Dada wa benki akafumba macho. "Huyu mpiga gitaa," akasema, "anajua kunyamaza. Mwanaume anayejua kunyamaza vile ana moyo mkubwa."

"Mke wake ana bahati," akasema mwingine kutoka kiti cha dirishani.

Nilivuta msuko hadi dada wa benki akapiga yowe. Bahati! Nimeishi ndani ya kile kimya tangu usichana wangu. Nimekipikia, nimekifulia, nimekiuliza kama ada ya shule imelipwa. Hakuna aliyewahi kufumba macho kwa ajili yangu. Sasa ameamka mtu, amekiweka kwenye albamu, na dunia nzima inakipigia makofi. Roho iliniuma hadi nikakosa la kusema, na saluni nzima ikadhani nimeguswa na muziki.

Yeye naye hakufurahi. Magazetini, mwalimu ndiye aliyewekwa picha kubwa, mikono kwenye piano, na Kasuku kasimama nyuma yake. Baba Pacha alikuwa kwenye pembe, nusu ya bega imekatwa. Waandishi walimwita mwalimu "mgeni aliyeikomboa bendi." Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mezani, akalikunja gazeti likawa dogo, dogo zaidi, akaliweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

"Bendi niliyoianzisha mimi," akasema, "inakombolewa kutoka kwa nani? Kwangu?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Ndipo akatoa uamuzi wake. Jumapili walikuwa na onyesho la kuizindua albamu kwenye ukumbi mkubwa, mchana, watu na familia zao. "Nitapiga hilo la Jumapili," akasema, "halafu nikirudi nitakuuliza wewe. Ukisema niache, naacha. Gitaa nampa anayelitaka. Ukisema nisiache, siachi. Neno lako ndilo la mwisho."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kasuku nikimwuliza atanibembeleza. Muuza nyama atanionea huruma. Wewe hujawahi kunionea huruma."

Sasa ebu fikirieni furaha yangu. Mke mwenza anafukuzwa, na talaka naandika mimi. Wiki ile nilikuwa mwepesi, nilisuka watu bila kuwavuta. Nilishapanga kabisa: pale kwenye kona ya sanduku nitaweka kiti changu cha kukunjua miguu. Neno lenyewe nilishalichagua, nalo lilikuwa fupi. Acha.

Jumapili nilikaa mstari wa pili. Pacha niliwaacha kwa bibi yao kwa sababu nilitaka kutazama bila kuvutwa nguo. Ukumbi ulijaa. Wazee walikuja, watu wa ofisi walikuja, hata yule shabiki wa manyunyu alikuja, kajificha nyuma na mchumba wake. Walipoanza wimbo wenyewe, watu wakatulia.

Studio sikuwa nimeona mikono ya mwalimu, kwa sababu piano ilikuwa imegeuzwa. Pale ukumbini nikaiona. Beti ilipokaribia kuisha, aliinyanyua mikono yake juu ya piano, akaiacha hewani. Akageuza uso kwa mume wangu. Hakumharakisha. Hakutabasamu wala kumpa ishara. Alikaa tu, mikono juu, amenyamaza naye, na ukumbi mzima ukakaa naye. Unangoja. Unadhani sasa imepita, mtu amesahau, ni lazima afanye kitu. Hakufanya kitu. Na Baba Pacha, kwa wakati wake mwenyewe, akatoa mlio wake. Yule mwalimu akaitikia kwa kichwa, kidogo, kama mtu aliyejibiwa, ndipo akashusha mikono akaendelea.

Beti ya pili akafanya hivyo tena. Mume wangu safari hii alimtazama, na uso wake haukuwa umekunjwa.

Nilipata wivu ambao sijawahi kuupata. Si wa mwanamke kwa mwanamume. Huyo binti ana mchumba, na dada wa mchumba nimemsuka mimi, najua hadi wamefikia wapi. Huu ulikuwa mwingine. Nilikaa kwenye kile kiti nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, nikafikiria kila neno nililowahi kulisema kabla yeye hajasema lake. Watu wakasimama kupiga makofi. Nami nikasimama, ili nisionekane nimekaa.

Tulifika nyumbani jua halijazama. Akaegemeza sanduku ukutani, akanawa, akakaa jikoni mahali pake. Mimi nilibaki nimesimama.

"Haya," akasema. "Sema."

Neno lilikuwa tayari. Nililisikia kabisa mdomoni. Badala yake nikasema, "Namwonea wivu yule mwalimu."

Akashtuka. "Mama Pacha! Yule mtoto wa watu hana habari na mimi. Mchumba wake…"

"Mchumba wake namjua kuliko wewe. Sisemi hilo. Anakungoja. Anatoa mikono kwenye piano, anakungoja useme. Na wewe unasema."

Kimya kikaingia, kile kile, na mimi kwa mazoea nikafungua mdomo nikijaze. Nilikuwa na mengi: kwamba anakula nini, kwamba wale pacha wafuatwe saa ngapi. Nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilishika ukingo wa meza. Nilidhani sasa imepita, sasa hasemi tena, nimeharibu. Nikangoja.

"Nilitaka akosee," akasema mwishowe. "Pale studio. Nilinyamaza nikitegemea ataanguka, wote wataanguka, wataona hawawezi. Yeye akanipisha. Nikakasirika zaidi." Akaangalia viganja vyake vyenye makovu ya moto. Nikaendelea kunyamaza. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa wataona inawezekana bila mimi. Tangu siku ile ya kwanza. Sikuwa na wa kumwambia."

Sikuwa na wa kumwambia. Na mimi nipo, nimekuwepo, nimesimama jikoni humu miaka yote na mdomo wangu.

"Sasa niambie," akasema. "Niache?"

"Usiache."

Akainua uso. "Si ndicho ulichokitaka siku zote?"

"Hata sasa nakitaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukiacha utaninunia mpaka tuzikwe," nikamwambia, "na mimi sina piano."

Alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, namna ambayo sijamwona tangu ujana. Mimi sikucheka.